Mwongozo Kamili wa Kukarabati na Kupaka Rangi Upya Kuta za Nje za Jengo Kongwe la Jamii

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote na kamati zinazosimamia majengo ya zamani ni hili: tulichanga fedha, tukanunua rangi nzuri, tukamwajiri fundi anayesifika, lakini kabla ya mwaka kuisha rangi imevimba malengelenge na kubambuka kuanzia chini, tulikosea wapi? Jibu karibu kila mara ni lile lile. Rangi haikuwa na kosa. Ilipakwa juu ya ukuta ulioshiba maji, na ikawa ya aina isiyoyaruhusu maji hayo kutoka.

Mwongozo huu unahusu majengo yaliyojengwa kwa mawe au matofali na kupigwa lipu ya chokaa: kumbi za mikutano, shule za zamani, maktaba, nyumba za ibada na mengine ya jinsi hiyo. Kuta zake kwa kawaida hazina tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi. Hunyonya maji wakati wa mvua na kuyarudisha hewani jua linapowaka, na hivyo ndivyo zilivyodumu. Ikiwa jengo lako ni la mbao, hatua ya 8 ndiyo itakayokufaa zaidi, ingawa hatua za mwanzo hazikwepeki.

## Vitu vya kuandaa

Usianze kununua rangi ya kuta. Aina yake haiwezi kujulikana kabla ya hatua ya 2, na kiasi chake hakijulikani kabla ya hatua ya 9. Vitu vifuatavyo ndivyo vya kuwa navyo tangu mwanzo.

Kwa uchunguzi: kamera au simu yenye kamera nzuri, daftari, futi ya kupimia, kisu kidogo chenye makali, lenzi ya kukuzia, nyundo ndogo ya mbao, pamba, spiriti, siki, na chupa ya kunyunyizia maji.

Kwa usalama: barakoa zenye vichujio vya daraja la P3 au P100, miwani inayoziba macho pande zote, glavu za mpira, ovaroli, turubai nene za plastiki, mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha HEPA (kinachonasa hata vumbi laini sana), na maji safi ya kutosha ya kuoshea macho.

Kwa kuta: brashi za nyuzi laini, vikwangulio, patasi, miiko, vibao vya kusawazishia lipu, ndoo, karai, chekeche, magunia, chokaa iliyozimwa (yaani iliyokwisha kuchanganywa na maji), mchanga msafi wenye chembe za ukubwa mchanganyiko, na brashi pana za kupakia chokaa.

Kwa mbao na vyuma: msasa wa namba 80, 120 na 180, puti ya mafuta ya mbegu za kitani, shelaki (aina ya vanishi) ya kuzibia vifundo vya mbao, rangi za tabaka la kwanza, la kati na la mwisho, na brashi ya waya. Brashi hiyo ya waya ibaki kwenye vyuma peke yake; ikigusa ukuta huacha nyuzi ndogo za chuma ambazo baadaye hugeuka madoa ya kutu.

Vipo pia vitu ambavyo havifai kufika kwenye eneo la kazi, hata kama muuzaji atavisifu: saruji ya kuzibia nyufa, puti ya plastiki ya kulainishia kuta, rangi zinazotangazwa kuwa hazipitishi tone la maji, na mashine ya kupulizia mchanga. Kila kimoja kina mahali pake, lakini si kwenye ukuta wa chokaa.

## Hatua ya 1: Pata kibali na uweke kumbukumbu

Ikiwa jengo limeorodheshwa kuwa urithi, mamlaka inayohusika na mambo ya kale lazima ijue kazi kabla haijaanza, kwa kuwa katika nchi nyingi hata kubadilisha rangi ya nje kunahitaji ruhusa. Mwombe mtaalamu wao afike wakati wa uchunguzi, si baada ya jukwaa la kupandia mafundi kusimamishwa.

Piga picha za kila upande kwa umbali, kisha kila dirisha, kila pembe na kila ufa kwa ukaribu, ukiweka futi kando ya ufa ili ukubwa wake usomeke. Chora ramani rahisi ya kila ukuta na uupe kila ufa namba. Ramani hii ndiyo itakayokuwa msingi wa kugawa kazi, kukadiria gharama na kumlipa fundi kwa kile alichokifanya kweli.

Kisha tafuta rangi za awali. Mahali palipokingwa na jua na mvua, kwa mfano chini ya mchirizi wa paa au nyuma ya bomba, kwangua kwa kisu ngazi ndogo yenye vipande vya sentimita 2, kila kipande kikifichua tabaka moja zaidi hadi ufikie lipu. Tazama kwa lenzi na uandike mpangilio wa rangi kuanzia ndani kwenda nje. Rangi ya mafuta iliyokaa gizani kwa muda mrefu hugeuka manjano, kwa hiyo liache eneo ulilofichua lipate mwanga kwa siku kadhaa kabla ya kuamua rangi yenyewe ilikuwa ipi.

Mkataba wa Venezia wa 1964, ambao wataalamu wa majengo ya urithi huufuata hadi leo, unataka urejeshaji ukome pale kubuni kunapoanza. Kwa vitendo, maana yake ni kwamba ikiwa pambo la juu ya mlango limevunjika na hakuna picha wala kipande kinachoonyesha lilivyokuwa, lisitungwe jipya kwa sababu tu upande ule unaonekana mtupu.

Utajua umefaulu ukiwa na faili moja ambalo mtu asiyewahi kuliona jengo anaweza kulisoma na kueleza hali ya kila ukuta.

## Hatua ya 2: Usome ukuta kabla ya kuugusa

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi. Haihitaji fedha, inahitaji siku mbili za utulivu.

Anza na gamba la rangi. Libandue kwa ncha ya kisu, ligeuze kiganjani na utazame mgongo wake. Kwenye ukumbi mmoja ambao kamati yake ilikuwa imekwisha kubadilisha mafundi mara mbili, gamba lilitoka na ukubwa wa kiganja changu, likipindika kama ngozi. Upande wa mbele uling'aa kama uliopakwa jana, na mgongoni lilibeba unga mweupe wa lipu uliokuwa bado na unyevu wa kunata kwenye kidole. Mafundi wote wawili walikuwa hawana hatia. Rangi ilikuwa imeshika vizuri, na kilichoachia ni lipu yenyewe.

Mgongo wa gamba husomwa hivi. Ukiwa na unga wa lipu, unyevu na chumvi vimeila lipu nyuma ya rangi. Ukiwa laini na safi, na chini yake pakabaki rangi ya zamani inayong'aa, tabaka la chini halikupigwa msasa kabla ya kupakwa jipya. Ukiwa na vumbi la kijivu, ukuta haukuoshwa. Ukiwa na madoa ya kijani au meusi, kuvu na mwani vilifunikwa vikiwa hai.

Endelea na vipimo vidogo vinne:

1. Gonga. Pitisha mpini wa nyundo ya mbao ukigonga taratibu. Lipu iliyoshika hutoa sauti kavu. Iliyoachana na ukuta hulia kama debe tupu. Zungushia chaki kila mahali panapolia hivyo.
2. Kwaruza. Lipu ya chokaa hukwaruzika kwa msumari na huacha unga mweupe au wa krimu. Saruji ni ya kijivu, ngumu, na msumari huteleza juu yake. Viraka vya saruji viwekwe kwenye ramani kwa alama ya peke yake.
3. Futa kwa spiriti. Sugua rangi kwa pamba yenye spiriti. Rangi ya maji ya kisasa yenye plastiki hulainika na kuchafua pamba. Rangi ya mafuta haibadiliki. Chokaa ya kupaka huacha unga mkononi hata bila spiriti, na tone la siki huifanya itoe mapovu.
4. Nyunyizia maji. Maji yakinywewa ndani ya sekunde chache, ukuta unapumua. Yakibaki matone yanayoteleza, juu yake kuna utando unaoziba.

Vifaa vya kupima unyevu kwa umeme vinasaidia kwenye mbao. Kwenye ukuta wenye chumvi husoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo usimruhusu mtu akuuzie dawa ya kudunga ukutani kwa sababu tu kifaa kilipiga kelele.

## Hatua ya 3: Ondoa chanzo cha maji

Subiri mvua kubwa, vaa koti na uzunguke jengo kwa nusu saa. Hakuna ripoti itakayokufundisha zaidi ya hapo. Tazama mahali gata inapofurika, kiungo cha bomba kinachovuja kwa nyuma, bati au kigae kilichopotea, na mahali matone yanapogonga ardhi na kurukia ukutani.

Rekebisha kuanzia juu kwenda chini: paa, gata, mabomba ya kushusha maji, kisha ardhi. Mpangilio huu una sababu, kwani gata moja iliyoziba inaweza kuulowesha ukuta mzima, na ukianzia chini utafanya kazi mara mbili.

Ardhi inayouzunguka ukuta inapaswa kuwa chini ya sakafu ya ndani kwa angalau milimita 150 na kuinama ikielekea mbali na jengo. Majengo ya zamani huzama polepole katika ardhi inayopanda, kwa sababu kila kizazi huongeza udongo, bustani au sakafu ya nje. Ondoa maua yaliyopandwa yakiegemea ukuta. Ikiwa kuna mkanda wa zege ulioshikana na ukuta, uondoe ikiwezekana na uweke kokoto, ili maji yaliyoko ardhini yapate mahali pa kupandia hewani pasipo kupanda ndani ya ukuta.

Halafu subiri. Makadirio yanayotumiwa na mafundi wengi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene wa ukuta uliolowa, maana yake ukuta wa sentimita 45 unaweza kuhitaji mwaka mmoja na nusu kukauka kabisa. Najua hakuna kamati inayotaka kusikia hivyo, hasa ikiwa sherehe ya uzinduzi imekwisha kutangazwa. Ndiyo sababu nyingine ya kutumia chokaa: inapumua, na inaweza kupakwa juu ya ukuta ambao bado unaendelea kukauka, jambo ambalo rangi ya plastiki haivumilii.

Utajua umefaulu iwapo mvua kubwa inayofuata itapita bila ukuta kuonyesha doa jipya jeusi, na chumvi nyeupe itaanza kujitokeza juu ya lipu kavu. Chumvi hiyo isikutishe. Ni ishara kwamba maji yanatoka. Ifagie ikiwa kavu na uizoe. Ukiiosha kwa maji itayeyuka na kurudi ndani.

## Hatua ya 4: Pima madini ya risasi

Rangi za mafuta za zamani, hasa za milango, madirisha na vyuma, mara nyingi zilitengenezwa kwa risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, na nchi nyingine zilifanya hivyo kwa nyakati tofauti, baadhi mapema zaidi, kwa hiyo umri wa jengo pekee hautoshi kukuhakikishia usalama. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na watoto ndio wanaoumia zaidi.

Peleka maabara vipande vilivyokatwa hadi kwenye mbao, vikiwa na matabaka yote. Hadi majibu yarudi, ichukulie kila rangi ya mafuta kuwa ina risasi.

Onyo: rangi ya namna hii haipigwi msasa ikiwa kavu, haichomwi kwa moto, na haielekezewi mashine ya hewa ya moto inayozidi nyuzi joto 590 za Selsiasi, kwa sababu kiwango hicho hugeuza risasi kuwa mvuke. Iloweshe, ikwangue ikiwa imelowa, tandika turubai chini, fyonza vumbi kwa mashine ya HEPA na ufunge taka kwenye mifuko siku hiyo hiyo. Ufagio wa kawaida hutawanya vumbi. Nguo za kazi zisiingie nyumbani, na watu wanaojitolea wasipewe kazi hii kabisa.

Ikiwa mbao za mchirizi au paa zina karatasi za asbesto, usizikate wala kuzitoboa; mwite mtu mwenye leseni.

## Hatua ya 5: Simamisha jukwaa

Hili ni fupi. Ngazi inatosha kwa kusafisha gata ya ghorofa moja, ikiegemezwa kwa uwiano wa mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za urefu. Kazi nyingine yote ifanyike juu ya jukwaa lililojengwa na watu wanaojua, lenye kizuizi cha pembeni na ubao wa kuzuia vifaa visianguke. Lisifungwe kwa kutoboa mawe ya mapambo wala fremu za madirisha, na miguu yake isimame juu ya vibao ili isizame kwenye udongo uliochimbwa katika hatua ya 3.

## Hatua ya 6: Safisha na uondoe kilichokufa

Tumia njia dhaifu kuliko zote kwanza: brashi kavu, kisha brashi na maji kidogo, kisha maji yenye shinikizo dogo kama la bomba la bustani. Mashine ya shinikizo kubwa husukuma maji ndani ya nyufa na kuing'oa lipu ambayo ingedumu. Kupulizia mchanga huondoa ngozi ngumu ya tofali iliyotokana na kuchomwa, na tofali lisilo na ngozi huanza kunyonya maji kama sponji.

Mwani na kuvu vikwanguliwe, kisha vipakwe dawa ya kuua iliyokusudiwa kuta, na viachwe kwa muda ulioandikwa kwenye chombo. Usitumie chumvi wala tindikali ya kusafishia vyoo. Ya kwanza huongeza tatizo la chumvi ukutani, ya pili huila chokaa.

Rangi ya plastiki iliyolegea ikwanguliwe yote. Iliyoshika sana inaleta mjadala. Wapo wanaopaka juu yake, lakini chokaa haishiki juu ya plastiki, na rangi ya silikati (rangi yenye asili ya madini) pia haishiki, kwa kuwa zote mbili zinahitaji kugusa lipu yenyewe. Ukitaka ukuta upumue, lazima plastiki iondoke, kwa mvuke au kwa dawa laini ya kulainisha iliyojaribiwa kwanza kwenye eneo la mita 1 ya mraba. Ni kazi ya kuchosha, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili sehemu kubwa ya bajeti.

Viraka vya saruji viondolewe kwa patasi ikiwa tu vinatoka bila kuvunja jiwe. Kinachoshikilia kiasi cha kubomoa ukuta kiachwe. Ubaya wake ni mdogo kuliko wa shimo utakalolifungua.

Utajua umefaulu unapopitisha kiganja ukutani kikarudi bila unga mwingi wala magamba.

## Hatua ya 7: Ziba nyufa na upige lipu ya chokaa

Ufa mwembamba kama unywele unajazwa na chokaa ya kupaka yenyewe. Ufa unaoingiza sarafu, au unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, kwanza utafutiwe sababu. Weka alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, pima umbali wake kila mwezi, na ikiwa unaongezeka mwite mhandisi kabla ya mwashi.

Kabla ya kuchanganya, ijaribu chokaa yako. Weka kijiko chake kwenye kisahani na udondoshee siki. Ikitoa mapovu mengi, imekaa wazi muda mrefu, imekwisha kunyonya hewa ya kaboni na kurudi kuwa sawa na jiwe lililosagwa, haitashika kitu. Mifuko mingi ya chokaa iliyofunguliwa na kusahaulika stoo iko katika hali hiyo.

Onyo: chokaa mbichi huunguza ngozi na inaweza kupofusha. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 20 na umpeleke mtu hospitalini. Ikiwa unazima mawe ya chokaa wewe mwenyewe, tia chokaa ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe usiyamwagie maji mawe yaliyojaa pipani, kwa kuwa hufoka na kurusha uji unaochemka.

Mchanganyiko wa kuanzia ni kipimo 1 cha chokaa iliyozimwa yenye umbo la uji mzito kwa vipimo 3 vya mchanga. Uupondeponde kwa muda mrefu kabla ya kufikiria kuongeza maji. Mwanzoni utaonekana mkavu usiokubali kushikana, na hapo ndipo mafundi waliozoea saruji hukimbilia ndoo. Wakisubiri, kupondwa kutaifanya chokaa iachie maji yake na mchanganyiko utalainika. Maji ya ziada yanayoongezwa leo ni nyufa za wiki ijayo.

Lowesha ukuta hadi uache kunyonya kwa pupa. Piga tabaka lisilozidi milimita 10, likwaruze kwa mistari ya kukatishana ili tabaka linalofuata lipate pa kushika, kisha lifunike kwa magunia yenye unyevu. Shimo lenye kina lijazwe kwa awamu pamoja na vipande vya tofali, si kwa bonge moja. Chokaa hukomaa kwa kunyonya hewa ya kaboni ikiwa na unyevunyevu. Ikikaushwa na jua au upepo kabla ya wakati hubaki unga uliolala mahali pake.

Tabaka linalofuata liwekwe lini? Bonyeza kwa kidole gumba: kisipozama lakini ukucha ukaacha alama, wakati umefika. Mara nyingi ni baada ya wiki moja, wakati mwingine zaidi. Palipo na baridi kali, usifanye kazi hii joto likikaribia nyuzi 5 za Selsiasi.

Utajua umefaulu kiraka kinapokauka bila ufa pembezoni, kikigongwa hakilii kama debe, na hakishindi kwa ugumu lipu inayokizunguka.

## Hatua ya 8: Mbao na vyuma

Choma mbao kwa ncha ya kisu chini ya madirisha na kwenye viungo vya chini vya milango, kwa sababu hapo ndipo maji hukaa. Palipooza pakatwe hadi kwenye mbao ngumu na paunganishwe kipande cha mbao ya aina ile ile, nyuzi zikifuata mwelekeo mmoja. Kubadilisha dirisha zima kwa sababu ya sentimita 10 za kuoza ni hasara kubwa: mbao za zamani mara nyingi ni ngumu kuliko zinazouzwa leo.

Mbao ipakwe ikiwa na unyevu usiozidi takriban asilimia 15. Ziba vifundo kwa shelaki, piga msasa kufuata nyuzi, halafu rangi ya kwanza ienee kila upande, hasa kwenye ncha zilizokatwa, ambazo hunyonya maji kama mrija. Puti mpya ya vioo iachwe wiki 1 hadi 2 ishike ngozi. Unapopaka, rangi ivuke puti na kuingia juu ya kioo kwa milimita 2, kwani ukanda huo mwembamba ndio unaozuia mvua isipenye. Fungua na ufunge kila dirisha kabla rangi haijakauka kabisa, la sivyo wiki ijayo mtalifungua kwa patasi.

Onyo: matambara yenye mafuta ya mbegu za kitani yanaweza kuwaka yenyewe yakikunjwa pamoja. Yaanike wazi nje au yatumbukize kwenye ndoo ya maji kabla ya kuondoka.

Vyuma visuguliwe hadi kutu inayobanduka iishe, na vipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Nondo au kishikio kilichozikwa ukutani kikiota kutu huvimba na kupasua jiwe, kwa hiyo ufa ulio karibu na chuma utibiwe kwa kuanzia kwenye chuma.

## Hatua ya 9: Chagua rangi juu ya ukuta wenyewe

Kwa lipu ya chokaa chaguo langu la kwanza ni chokaa ya kupaka, la pili ni rangi ya silikati iliyotengenezwa kwa ajili ya kuta za madini, yaani za lipu, mawe au matofali. Rangi ya maji ya kawaida ibaki ndani ya nyumba.

Kadi za rangi hudanganya. Paka sampuli za upana wa mita 1 kwenye upande unaopata jua na upande wa kivuli, acha zikauke siku 3, kisha uiite kamati izitazame asubuhi na jioni. Nimeona mabishano ya miezi yakimalizika kwa dakika 10 mbele ya sampuli. Sampuli hizo zina kazi ya pili: pima ni kiasi gani cha rangi kilitumika kwa mita ya mraba, zidisha kwa eneo la kuta baada ya kutoa madirisha na milango, zidisha tena kwa idadi ya matabaka. Ukuta wa urefu wa mita 18 na kimo cha mita 5 una mita za mraba 90. Milango na madirisha yake yakichukua 15, unabaki na 75 za kupakwa.

## Hatua ya 10: Paka

Chuja chokaa na uipunguze kwa maji hadi iwe nyepesi kama maziwa yaliyotolewa krimu. Ukitaka rangi, tumia unga wa madini usioathiriwa na chokaa, kama oksidi za chuma, uliovurugwa kwanza katika maji ya moto, na usizidi asilimia 10 ya uzito wa chokaa. Ukizidi, rangi itabaki unga unaochafua nguo za kila anayeegemea. Changanya kiasi cha ukuta mzima kwa pamoja, kwani mchanganyiko wa pili hautafanana na wa kwanza hata ukipima kwa mizani.

Fanya kazi ukifuata kivuli kuzunguka jengo. Lowesha ukuta, subiri maji yanayong'aa yapotee, kisha paka tabaka jembamba kwa kukatisha brashi huku na huku, kutoka juu kwenda chini, bila kusimama katikati ya ukuta. Koroga ndoo kila dakika chache, maana chokaa hutuama.

Jiandae kwa mshtuko: tabaka la kwanza likiwa bichi karibu halionekani, na watu waliosimama chini watasema fundi anapaka maji. Mwache akae kimya. Kesho yake litakuwa limepata weupe. Anayeongeza uzito ili lionekane mara moja atapata nyufa ndogo kama za tope lililokauka.

Acha saa 24 kati ya tabaka na tabaka, na uuloweshe ukuta tena kila mara. Lipu mpya huhitaji matabaka 4 au 5. Ukuta ukingwe na jua kali na mvua kwa magunia au turubai zilizoachwa nafasi ya hewa kupita.

Hii ndiyo kazi nzuri ya kuwapa wanajamii wanaojitolea, kwenye sehemu za chini zisizohitaji jukwaa, wakiwa na miwani na glavu.

Utajua umefaulu unapopitisha kitambaa cheusi ukutani baada ya wiki chache kikatoka na vumbi hafifu tu, na mvua ikinyesha ukuta ukawa mweusi kidogo kisha ukarudia rangi yake siku inayofuata. Kubadilika huko kwa muda ni dalili ya afya. Mweleze mwenyekiti mapema asije akampigia fundi simu.

## Hatua ya 11: Baada ya jukwaa kushuka

Safisha gata angalau mara mbili kwa mwaka, na uzungukie jengo kwenye mvua kubwa ya kwanza ya kila msimu ukiwa na ramani ya hatua ya 1. Chokaa huongezewa tabaka moja au mawili kila baada ya miaka michache, bila kukwangua, na pande zinazopigwa na mvua huhitaji mapema kuliko nyingine.

Andika uwiano wa mchanganyiko, jina la unga wa rangi, uzito wake na tarehe ya kila tabaka. Jaza chupa moja ya unga uliobaki, ibandike lebo, na uiweke kwenye kabati la nyaraka za jengo pamoja na yale magamba ya rangi ya zamani uliyoyabandua siku ya kwanza.